Chesi ya hotirodi ya kwanza: ipime kabla hujaipenda

Chesi yangu ya kwanza, yaani fremu ya chuma ya kujengea hotirodi (gari la zamani linalojengwa upya ili liwe na nguvu zaidi), niliinunua kwa sababu ya rangi. Ilikuwa ya Ford Model A, nyeusi, inang'aa, muuzaji kaiegemeza ukutani kama mlango mpya. Sikuwa na futi ya kupimia, wala sikumwomba ailaze chini. Miezi miwili baadaye nikagundua kwamba vipimo vyake viwili vya kona hadi kona, vile vya mshazari, vimepishana kwa milimita 14, na chini ya rangi ile, kuzunguka ribiti za chuma cha kukingama cha katikati, pamejazwa puti. Uzuri wa mkakasi.

Tangu hapo nimejenga hotirodi tatu, na anayeanza humwambia lile lile: tafuta chesi kwanza, bodi na injini zitafuata. Bodi iliyobonyea hunyooshwa, injini iliyochoka hubadilishwa. Lakini chesi ndiyo inayoshika ekseli mbele na nyuma. Ikienda upande, milango haifungi sawasawa, tairi zinalika upande mmoja, na gari linakuvuta barabarani hata ukirekebisha stelingi mara kumi.

Jina utakalolisikia kuliko yote ni Ford ya 1932. Kati ya ekseli na ekseli ina inchi 106, na ubavu wa chesi yake huonekana wazi chini ya bodi, ukiwa na mchirizi uliochapwa kiwandani. Ndiyo maana hata watu wenye bodi ya Model A huiweka juu ya chesi hiyo. Mwaka huo ndipo Ford walipotoa V8 yao ya kwanza, injini ya silinda nane zilizopangwa kama V, yenye nguvu za farasi 65. Za asili zimebaki chache na zinagombaniwa, ila watengenezaji hutoa mpya za umbo lile lile. Kwa mtu wa mara ya kwanza mwenye uwezo, mimi ningesema achukue mpya. Chuma kipya hakina miaka tisini ya mashimo na viraka vya watu wengine.

Model A, ya 1928 hadi 1931, ina inchi 103.5. Ni chaneli mbili, yaani vyuma virefu vya ubavuni vilivyo wazi upande mmoja, na vyuma vitatu vya kukingama, basi. Urahisi huo ndio raha yake: unaiona yote kwa jicho moja. Ilitengenezwa kwa injini ya silinda nne ya nguvu za farasi 40, kwa hiyo ukitaka V8 lazima uiimarishe. Ya 1933 na 1934 ni ndefu zaidi, inchi 112, na katikati ina chuma cha umbo la X kinachoipa ugumu mzuri. Ya Model T ni nyembamba na nyepesi mno; iache kwa gari la pili.

Sasa upimaji, na hapa usikubali kuharakishwa na muuzaji. Iweke chesi juu ya stendi nne. Weka pima maji mbele, ukiikingamisha kutoka chaneli moja hadi nyingine, uinue stendi moja mpaka povu likae katikati. Kisha, bila kugusa stendi yoyote ya mbele, peleka pima maji nyuma. Povu likikimbilia upande mmoja na huwezi kulirudisha bila kuiharibu mbele, chesi imejipinda kama kitambaa kinachokamuliwa, na kuinyoosha si kazi ya mtu anayejifunza.

Halafu chukua timazi. Chagua matundu ya kiwandani yanayolingana kushoto na kulia, mawili karibu na mwisho wa mbele na mawili karibu na mwisho wa nyuma. Usitumie tundu ambalo mtu alilitoboa baadaye. Teremsha timazi katika kila tundu, ngoja itulie kabisa, weka alama ya chaki sakafuni. Iondoe chesi. Alama nne zimebaki: pima kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, kisha mbele kulia hadi nyuma kushoto. Tofauti ya milimita 3 naikubali. Ikifika 6, fundi mwenye meza ya kunyooshea anaweza kuirudisha. Zaidi ya hapo, shukuru na uondoke.

Kutu isikilize. Gonga chaneli kwa nyundo ndogo kuanzia mbele: chuma kizima kinalia, kilicholika kinatoa sauti butu. Pale vyuma viwili vilipolaliana na kufungwa kwa ribiti, kutu huumuka katikati na kuvitenganisha, na rangi haiwezi kuficha mwanya huo ukipitisha ukucha. Kwenye Model A angalia upande wa kushoto chini ya sakafu ya dereva, betri ilipokaa, maana tindikali hudondokea chaneli.

Kuhusu kuimarisha: unafunika upande ulio wazi wa chaneli kwa bamba la milimita 3 hadi 5 ili iwe boksi. Nilipofanya mara ya kwanza nilianza mwisho mmoja, nikachomelea mfululizo hadi mwisho wa pili, nikiwa na furaha tele. Ilipopoa, chaneli ilikuwa imejikunja kama upinde. Joto lilivuta chuma upande wa mchomeleo, na hapakuwa na kitu cha kukizuia. Ifunge chesi kwanza kwenye meza ngumu ya chuma, gusisha vidoa (michomeleo midogo ya kushikilia tu) pande zote mbili, kisha chomelea vipande vya milimita 30: kimoja mbele kushoto, kingine nyuma kulia, ukihama hama na kuacha chuma kipoe mpaka mkono ukiweze.

Springi ya majani iliyokingama na ekseli moja ngumu mbele zinatosha kabisa kwa mwanzo. Mfumo wa mbele wa Mustang II, gari la Ford la miaka ya 1970 ambalo kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, unapendwa, lakini chuma chake lazima kichomelewe kwa kimo na pembe sahihi, na kosa dogo hapo utalihisi kila kona. Breki za mafuta Ford walianza nazo 1939. Kabla ya hapo zilivutwa kwa vyuma, ambavyo ningevitoa vyote. Pia, hadi 1948 propela ya Ford ilipita ndani ya bomba lililoishika ekseli ya nyuma isisogee. Ukilitoa bomba hilo ili kuweka gia boksi ya kisasa, ekseli inahitaji vyuma vingine vya kuishika, na chesi inahitaji mahali pa kuvifunga.

Namba nayo itafute kabla hujalipa. Kwenye Ford hizi imegongwa juu ya chaneli ya kushoto. Safisha kwa brashi ya waya, kamwe usiguse kwa grainda, uilinganishe na karatasi za gari herufi kwa herufi. Namba ikiwa imefutwa, hata chesi iwe nyoofu namna gani, iache.

Ukishaifikisha nyumbani, andika vipimo vyote viwili vya kona hadi kona kwa rangi nyeupe upande wa ndani wa chaneli. Mimi huvirudia kila jioni ya siku ya kuchomelea, chuma kikishapoa, kabla sijazima taa.