Kupunguza uzito bila kujitoa kwenye sinia: hatua kwa hatua kutoka Amu

Kila baada ya Idi watu hunijia na swali lile lile: nile keto (kuacha wanga karibu wote), nifunge saa 16 kwa siku, au ninywe zile chai za kukata tumbo? Nafanya kazi ya lishe hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na siku hizi jibu langu huanzia jikoni. Aliyenifundisha hivyo ni mama mmoja wa mtaa wa Langoni, miaka 58. Alikuwa amepewa kwingine karatasi ya chakula yenye brokoli, oti za kopo na kidari cha kuku, kila kitu kwa gramu, sahani yake peke yake. Aliishika siku nne. Alipofika kwangu akasema, "Mwanangu, ukinitoa kwenye sinia umenitoa nyumbani."

Hatua zifuatazo ndizo nilizomwandikia. Kama unatumia insulini au vidonge vya sukari, una mimba au unanyonyesha, muone daktari wako kwanza, kwa sababu kula kidogo ghafla kunaweza kukushusha sukari au kukudhuru.

Hatua ya 1: Jua kwamba mlango ni mmoja

Mwili hupungua pale unapopata nishati ndogo kuliko unayotumia. Keto, mfungo wa saa na chakula cha mafuta kidogo ni njia tofauti za kufika kwenye mlango huo huo. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliofuatwa miezi 12. Kundi moja lilipunguza mafuta, jingine wanga. Wa mafuta walishuka kilo 5.3 kwa wastani, wa wanga kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haihesabiki. Tofauti kubwa ilikuwa ndani ya kila kundi: wapo walioshuka sana, na wapo walioongezeka.

Mfungo wa saa ni vivyo hivyo. Mwaka 2022 watafiti wa China waliwafuata watu 139 mwaka mzima. Wote walipunguza kalori, yaani kipimo cha nishati ya chakula, ila kundi moja lilikula kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi jioni tu. Mwisho wa mwaka makundi hayakuachana kwa maana. Sisi tunaofunga Ramadhani tunalijua hili: mtu anashinda na njaa, kisha futari ni sambusa, kaimati na viazi vya nazi, usiku daku la wali, na Idi inamkuta mzito kuliko Shaabani.

Chai za kukata tumbo ziache. Nyingi zina dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na choo, mafuta yako yako palepale.

Hatua ya 2: Usidanganywe na wiki ya kwanza

Kijana mmoja nahodha wa mashua aliacha wali, mkate na sukari. Siku ya saba mizani ikaonyesha kilo tatu chini. Akaenda harusini Shela, kijiji jirani, akala pilau, na kesho yake kilo mbili zikawa zimerudi. Akakata tamaa kabisa, na mimi niliumia, maana hakuna aliyekuwa amemweleza.

Wanga unaowekwa akiba kwenye ini na misuli, yaani glikojeni, ni kama nusu kilo hivi, na kila gramu yake hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga, akiba inaisha na maji yake yanatoka. Ukila pilau, vyote vinarudi. Mafuta hayakuguswa sana, wakati wa kushuka wala wa kupanda.

Hatua ya 3: Piga hesabu yako

Tumia kanuni ya Mifflin na St Jeor ya 1990. Kwa mwanamke: uzito kwa kilo mara 10, ongeza urefu kwa sentimita mara 6.25, toa umri mara 5, kisha toa 161. (Mwanamume haondoi 161, anaongeza 5.) Mama yetu alikuwa na kilo 84 na urefu wa sentimita 156:

840 + 975 − 290 − 161 = 1,364

Hizo ni kalori za mwili uliolala tu. Kwa asiyefanya kazi nzito zidisha kwa 1.4, unapata kama 1,910. Tukatoa 400 hivi, tukalenga 1,500. Nisingeshuka zaidi ya hapo kwa haraka. Njaa kali hula misuli na humrudisha mtu kwenye chungu usiku.

Hatua ya 4: Nazi, chungu kimoja

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Gramu ya wanga au protini ina kalori 4, ya mafuta ina 9. Nazi moja kubwa ina nyama ya gramu 400 hivi, na theluthi yake ni mafuta: gramu 130. Tuseme ukikuna na kukamua inatoka nusu, gramu 65. Hizo ni kalori 585.

Sasa tazama chakula cha mchana cha nyumba nyingi hapa: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha wa nazi. Nazi tatu, kalori 1,755, na kwa watu watano kila mmoja amekula 351 za tui peke yake, kabla ya kuhesabu punje ya mchele.

Simwambii mtu aache nazi. Chagua chungu kimoja cha kubeba tui siku hiyo. Tui likiwa kwenye wali, samaki achomwe kwa ndimu na pilipili, mchicha ukaangwe kwa kitunguu na mafuta kidogo sana. Kesho samaki apakwe, wali uwe mweupe. Mama wa Langoni alichagua samaki. Alisema wali mweupe unavumilika ukiwa na mchuzi wa maana, na nakubaliana naye.

Hatua ya 5: Chai

Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, ni gramu 48 za sukari. Shirika la Afya Duniani linasema ikipungua chini ya 25 hivi ni bora zaidi. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Iliki na tangawizi zibaki.

Hatua ya 6: Chora mpaka wako kwenye sinia

Kabla hamjakaa, pima wali wako kwa bakuli moja, lile lile kila siku, uumwage upande wako. Uzungushie mchicha au kachumbari, uwe ukuta. Samaki wako uwe kipande cha ukubwa wa kiganja au zaidi kidogo. Gramu 150 za jodari zina protini kama gramu 35, na protini hushibisha na kulinda misuli. Anza na samaki na mboga, wali baadaye. Mkono ukifika kwenye ukuta, nawa. Kaa, zungumza, kunywa maji, hakuna aliyekutoa.

Hatua ya 7: Pima, kisha hesabu upya

Panda mizani asubuhi, siku moja ile ile ya wiki, na upime kiuno pia. Kikiwa chini ya nusu ya urefu wako ni vizuri. Alipofika kilo 78 mama alilalamika kwamba kasi imepungua. Tukarudi kwenye kanuni: 1,304 mara 1.4 ni 1,826. Pengo la 410 (1,910 toa 1,500) lilikuwa limebaki 326 bila yeye kukosea lolote, kwa sababu mwili mdogo hutumia kidogo. Hakutaka kupunguza bakuli, na sikumlazimisha. Alichagua kwenda Shela kwa miguu asubuhi, mara tatu kwa wiki, kabla jua halijawa kali.