Kabla ya Kwenda Karnivali ya Recife: Chagua Ngoma Kwanza, Tiketi Baadaye

Mtu akisikia Brazili, moja kwa moja anawaza Rio de Janeiro, na tiketi anakata ya huko. Lakini kama kilichokuvuta ni maracatu, maandamano ya ngoma nzito yenye asili ya Kiafrika, huko Rio hutaipata: inapigwa Pernambuco, jimbo la mji wa Recife, karibu kilomita 2,000 kaskazini mashariki. Samba-reggae, mdundo wa ngoma za makundi ya watu weusi, makao yake ni mji wa Salvador. Forró, muziki wa akordioni, inatamba Juni, si wakati wa karnivali. Kwa hiyo anza kwa kusikiliza nyimbo ukiwa bado nyumbani, mpaka ujue ni mdundo gani unaokuinua kitini. Mji na tarehe vitafuata.

Mimi ningekupeleka Recife na Olinda, miji miwili iliyopakana. Karnivali yao ni ya barabarani, haina tiketi ya kuingilia. Frevo, iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2012, ni tarumbeta za kasi na wachezaji wenye miavuli midogo ya rangi. Ukiingia katikati yao utaruka tu, upende usipende. Jumamosi ya karnivali ni siku ya Galo da Madrugada, kundi lililoanza mwaka 1978, ambalo linafurika katikati ya Recife tangu asubuhi. Olinda ni vilima na mawe, na jua la huko ni kali: viatu vya kufunika vidole, kofia na maji ni lazima. Ukipanga chumba mji mkongwe, fika na mizigo kabla umati haujajaa, maana gari halitakufikisha mlangoni.

Maracatu inataka maandalizi ya namna nyingine. Asili yake ni sherehe za kutawazwa kwa wafalme wa Kongo, ambazo Waafrika waliotumikishwa utumwani walizifanya chini ya kivuli cha makanisa ya Kikatoliki. Mpaka leo kila kundi lina mfalme na malkia, mwanamke anayebeba mwanasesere mtakatifu aitwaye calunga, na safu ya ngoma nzito, alfaia, zinazoongozwa na kengele ya chuma. Jumatatu ya karnivali usiku makundi hayo hukutana kwenye uwanja wa Pátio do Terço, Recife, kuwaenzi wahenga. Saa sita usiku taa huzimwa na ngoma hunyamaza. Ile ni ibada. Zima mwanga wa simu, usipige kelele, wala usimguse aliyebeba calunga. Naomba sana hili lishikwe, kwa sababu watu wale wameulinda urithi huo vizazi na vizazi, tena kwa gharama kubwa.

Ukichagua Salvador, amua mapema kama utanunua fulana ya kundi, abadá, inayokuruhusu kucheza ndani ya kamba nyuma ya gari la muziki, au utacheza nje ya kamba bila malipo. Usikose Ilê Aiyê, kundi la watu weusi lililoanzishwa mwaka 1974 mtaani Curuzu.

Tarehe hubadilika kila mwaka kwa kufuata Pasaka: Jumanne ya karnivali huwa siku 47 kabla yake, na mwaka 2027 itaangukia tarehe 9 Februari. Vyumba hujaa mapema, na bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia. Chanjo ya homa ya manjano ipate angalau siku kumi kabla ya safari, na kadi uitunze pamoja na pasipoti. Tanzania huidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, Brazili ikiwemo. Jifunze Kireno kidogo cha kuulizia njia na bei. Barabarani beba fedha kidogo, na simu ikae mfuko wa ndani.

Februari ikikushinda, Juni kuna São João, sikukuu ya mavuno ya mahindi. Miji ya Caruaru na Campina Grande hukesha mwezi mzima kwa akordioni, ngoma ya zabumba na pembetatu ya chuma, muziki uliosambazwa nchi nzima na mwimbaji Luiz Gonzaga. Forró huchezwa wawili wawili, na hatua zake za msingi unaweza kuzifanyia mazoezi sebuleni kwako kuanzia leo.