Namna ya Kufundisha Mashairi ya Vita ya Wagiriki wa Kale kwa Kughani

Mwalimu wa Iringa anayetaka wanafunzi wake waelewe jinsi ushairi ulivyowatia askari wa kale ujasiri na aanze na Tyrtaeus, mshairi wa Sparta wa karne ya 7 kabla ya Kristo, aliyetunga wakati mji wake ulipokuwa ukipigana na Wamessenia. Asigawe karatasi kwanza. Awatoe wanafunzi uwanjani, awapange bega kwa bega, kila mmoja akiwa ameshika sinia mkono wa kushoto mfano wa ngao, kisha awaambie watembee pamoja. Baada ya hatua chache safu itapinda na mianya itaonekana.

Ngao ya duara ya Mgiriki ilimkinga mwenyewe na pia upande wa kulia wa jirani aliyesimama kushoto kwake, hivyo aliyekimbia alimwacha mwenzake wazi. Kwa sababu hiyo Tyrtaeus anasisitiza kusimama kuliko kuua: anamtaka kijana akite miguu yote miwili ardhini na kuuma mdomo kwa meno. Kisha anaeleza aibu ya mzee mwenye mvi aliyeanguka mbele ya vijana waliopaswa kumtangulia. Sehemu hii isomwe polepole, tena mara mbili, kwani ndiyo inayogusa zaidi, na kwa kijana aliyelelewa kumwamkia mzee "kamwene" kwa unyenyekevu haihitaji kufafanuliwa sana.

Anayetafsiri asilazimishe vina, kwa kuwa Wagiriki hawakuvitumia. Walifuata mpangilio wa silabi ndefu na fupi, katika mishororo miwili miwili ambayo wa pili ni mfupi kidogo. Ufupi huo ubaki, maana ndipo sauti inapotua.

Ughani ufanyike kwa mashindano. Mwaka 330 kabla ya Kristo, Lycurgus, msemaji wa Athens, alieleza kwamba Wasparta walipokuwa vitani waliitwa kwenye hema la mfalme kusikiliza mashairi hayo, na tunasimuliwa pia kwamba baada ya chakula waliyaimba mmoja mmoja, mshindi akapewa nyama. Kipande cha nyama choma kitafaa sana hapa. Akipatikana mpiga zumari, wanafunzi warudie safu yao: mwanahistoria Thucydides anasema Wasparta walisonga kwa zumari katika vita vya Mantinea mwaka 418 kabla ya Kristo ili hatua zilingane na safu isivunjike.

Ndipo wapelekwe Kalenga, au Lugalo ambako Wahehe waliwashinda Wajerumani wa Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891, na wawaombe wazee wa huko nyimbo za vita wanazozikumbuka, wakiandika maneno yalivyo kabla ya kuyalinganisha na ya Sparta.

Shairi la mwisho liwe la Archilochus wa Paros, askari aliyekiri kwamba aliitupa ngao yake kichakani akaokoa maisha, na kwamba angepata nyingine isiyo duni. Lisomwe masinia yakiwa yamewekwa chini, kisha kila mwanafunzi aeleze kama angekubali kusimama kushoto kwa Archilochus.