Somo: Ligi ya Championship ya Tanzania, namna ya kuifuata bila kupotea njiani

Kila msimu ukifika ukingoni swali ni lile lile: "Wakuu, timu yetu imemaliza ya tatu, tumepanda au bado?" Bado. Mmepata tu ruhusa ya kuendelea kuteseka kwa mechi hadi nne zaidi. Nimeona niiandike hatua kwa hatua ili msimu ujao tubishane tukiwa tunaelewana. Mifano yangu inaishia msimu wa 2024/25. Kanuni hupitiwa kila mwaka, kwa hiyo kabla ya kuweka dau la soda na jirani, soma za msimu husika.

Hatua ya 1: Jua ngazi yako

Juu kabisa kuna Ligi Kuu. Chini yake ndiyo Championship, ile tuliyozoea kuiita Ligi Daraja la Kwanza kabla ya jina kubadilishwa msimu wa 2021/22. Inafuata First League, iliyokuwa Daraja la Pili, kisha Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. TFF, shirikisho la mpira la nchi, ndiye mwenye mpira, lakini ratiba, usimamizi wa mechi na adhabu nyingi mtazisikia kutoka Bodi ya Ligi.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Timu 16, kila moja inacheza na wenzake 15 nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 30 kwa timu, mechi 240 kwa ligi nzima, na pointi 90 kwa atakayeshinda zote (hajazaliwa). Wawili wa juu wanapanda moja kwa moja. Msimu wa 2024/25 walikuwa Mtibwa Sugar kama mabingwa na Mbeya City nyuma yao.

Hatua ya 3: Nafasi ya tatu na ya nne, hapa ndipo watu wanapopotea

Wa tatu na wa nne wanakutana wao kwa wao, nyumbani na ugenini. Anayeshindwa anarudi nyumbani kusubiri msimu mpya. Anayeshinda naye hajapanda. Wakati huo huo kule Ligi Kuu, wa 15 na wa 16 wameshashuka, na wa 13 na wa 14 nao wanacheza mchujo wao. Anayeshinda huko anabaki. Anayepoteza ndiye anayeletwa kwenu, mechi mbili tena, na mshindi wa jumla ndiye anayecheza Ligi Kuu.

Mfano mzuri ni 2023. Kwenye mchujo wa Ligi Kuu KMC waliishinda Mbeya City, Mbeya City wakabaki na roho mkononi. Huku Championship, Mashujaa ya Kigoma iliitoa Pamba. Mashujaa na Mbeya City wakakutana, na jeshi la Kigoma likapanda. Mbeya City, waliomaliza wa tatu Ligi Kuu msimu wao wa kwanza kabisa, 2013/14, wakashuka kwa mlango huo.

Sasa msidanganyike na Mashujaa. Mwaka 2022 JKT Tanzania ilikwama kwa Tanzania Prisons. Mwaka 2024 Biashara United ilikwama kwa Tabora United. Mwaka 2025 Stand United iliitoa Geita Gold, kisha ikakwama kwa Fountain Gate. Timu ya Ligi Kuu, hata ikiwa imechoka vipi, imetoka kucheza mwaka mzima na Simba, Yanga na Azam. Kama timu yako iko ya pili mwezi wa tatu na kocha anasema "hata ya tatu si mbaya", mwonyesheni orodha hiyo.

Hatua ya 4: Angalia nani ana timu

Msimamo unakuonyesha pointi, haukuonyeshi nani analipa mishahara. Ziko timu za majeshi, kama Transit Camp, Green Warriors na TMA Stars. Ziko za viwanda, kama Mtibwa Sugar, mabingwa wa nchi 1999 na 2000, ambao waliposhuka mwaka 2024 walirudi baada ya msimu mmoja tu. Ziko za halmashauri, kama Mbeya City. Halafu ziko za wananchi, kama Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa kwenye stendi ya mabasi ya Shinyanga. Mwezi wa kwanza, mapato ya mlangoni yakiwa ya kununulia maji tu, tofauti ya hawa inaonekana uwanjani bila kuambiwa na mtu.

Hatua ya 5: Soma ratiba na ramani pamoja

Msimu wa 2024/25 ulikuwa na Biashara United ya Musoma na Songea United ya Ruvuma kwenye ligi moja. Kati ya miji hiyo ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara, na kikosi kinakwenda na basi. Mnalala njiani au mnalala kwenye viti. Mkifika, miguu imevimba, na mwenyeji amefanya mazoezi jana jioni kwenye uwanja wake. Mtu akiniuliza kwa nini timu hizi zinashinda sana nyumbani, namjibu aanze na basi kabla hajamgusa refa. Na usipofika kabisa, unapoteza mechi, unapigwa faini na unakatwa pointi nyingine juu yake.

Hatua ya 6: Makaratasi

Kupanda ni nusu ya kazi. Kuna leseni ya klabu, ukaguzi wa uwanja na usajili. Kitayosce walipanda 2023 kwa haki yao. Agosti mwaka huo wakaenda Chamazi kucheza na Azam, mechi yao ya kwanza Ligi Kuu, wakiwa hawafiki hata 11 kwa sababu usajili wa wachezaji wengi haukuwa umekamilika. Wakafungwa manne haraka haraka, Feisal Salum wa Azam peke yake akatupia matatu, kisha wengine wakaumia, wakabaki chini ya saba. Sheria hairuhusu mechi kuendelea hivyo, refa akaimaliza mapema. Ndio hao hao baadaye walioitwa Tabora United.

MASWALI YA WADAU

*Mkuu, timu ikinunuliwa, nafasi yake kwenye ligi inakwenda wapi?*

Inakwenda na timu. DTB ilipanda 2022, ikacheza Ligi Kuu kama Singida Big Stars, ikawa Singida Fountain Gate, ikawa Fountain Gate na kuhamia Babati. Ihefu ya Mbarali, ile iliyovunja rekodi ya Yanga ya kutofungwa Novemba 2022, leo ni Singida Black Stars. Kwa mwekezaji ni njia ya mkato. Kwa shabiki wa Mbarali aliyekuwa anakwenda uwanjani kwa baiskeli, mimi sina maneno ya kumwambia.

*Mimi ni wa Mombasa. Kwetu National Super League ni hivi hivi?*

Inakaribiana, ila kwenu ni fupi zaidi. Wawili wa juu wanapanda, na wa tatu anakwenda moja kwa moja kucheza na timu ya 16 ya Ligi Kuu ya Kenya yenye timu 18. Hakuna wa nne anayefufuka.

*Huu mchujo ni haki kweli? Wa tatu ana pointi kumi zaidi ya wa nne, halafu wanaanza sifuri kwa sifuri!*

Kwa maoni yangu, si haki kwa wa tatu. Ujerumani wa tatu wa daraja la pili anakutana na wa 16 wa Bundesliga bila kupitishwa kwa mtu mwingine, na ningependa tuige hapo. Lakini ukiondoa nafasi ya nne, timu nyingi zitakuwa hazina cha kupigania tangu Machi, na mechi zisizo na maana zina majaribu yake. Nadhani mmenielewa.

*Bingwa wa Championship huwa anadumu huko juu?*

KenGold ya Chunya walikuwa mabingwa 2023/24. Msimu uliofuata wakamaliza mkiani Ligi Kuu na kushuka.

*Timu za Championship zinakutana lini na Simba na Yanga?*

Kombe la Shirikisho la TFF, si lile la Afrika. Aprili 2025 Stand United walifika robo fainali, wakakutana na Yanga, wakala 8-1. Na hao ndio walikuwa karibu kupanda.

*Kaka, mdogo wangu ana miaka 19, ameitwa na timu ya Championship. Asaini?*

Asome kwanza, au amtafute mtu wa kumsomea. Mkataba uwe wa maandishi, abaki na nakala yake, na ahakikishe umesajiliwa TFF, maana akija kudai bila hivyo atakuwa anapiga kelele tu. Aangalie miaka: akifungwa mitatu na timu ikakosa hela, kutoka ni kazi. Na kabla ya kuuliza kuhusu namba ya jezi, aulize mshahara unatoka tarehe ngapi na chumba analipia nani.