Saa ya Marehemu: Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaipeleka kwa Fundi wala Sokoni

Kwanza kabisa, iache kama ilivyo. Najua mkono unawasha kuitia ufunguo uone kama bado inatembea. Saa iliyolala kabatini miaka mingi mafuta yake yamekauka, na ukiilazimisha kutembea, vyuma vinasagana. Kama ni ya betri, mwambie fundi aitoe betri mapema, maana ikifa ndani huvuja na kula mashine. Usiichovye majini hata kama mgongoni imeandikwa kwamba haipitishi maji. Mipira ya kuzuia maji huzeeka kama mpira mwingine wowote.

Halafu piga picha. Uso, mgongo, ubavu, mkanda, kifungo cha mkanda, zote kabla mtu mwingine hajaigusa. Tafuta boksi, karatasi ya dhamana, risiti, hata picha ya zamani ambayo marehemu ameivaa. Mkanda uliochakaa usiutupe, kwa sababu kifungo chake huenda ni kile kilichotoka kiwandani. Ukiona karatasi hizi ni takataka, kumbuka Rolex Daytona ya Paul Newman iliyouzwa kwenye mnada wa Phillips, New York, tarehe 26 Oktoba 2017, kwa zaidi ya dola milioni 17. Mgongoni mkewe alikuwa amechongesha maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Mzazi wako si nyota wa sinema, sawa, lakini mnunuzi hulipia historia inayothibitika. Ile ya mdomo tu atakusikiliza kwa heshima kisha atakupa bei ileile.

Sasa usafi, na hapa ndipo nilipoungua. Baba aliniachia Omega Seamaster ya miaka ya 1960. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai hafifu, kasha lina mikwaruzo. Kwa akili yangu nikaona haya kuivaa vile. Nikaipeleka kwa fundi aliyesifiwa na kila mtu, nikamwambia irudi kama mpya. Neno hilo ndilo lililoniponza, kwa sababu fundi alinitii. Sikumpa mipaka, naye hakuniuliza.

Baada ya wiki mbili nilikabidhiwa saa inayong'aa kama kijiko cha harusini. Nilifurahi, nikamlipa na shukrani juu. Mwaka uliofuata nilitaka kuikatia bima, nikampelekea mthamini. Akaweka kilenzi jichoni, na haikufika hata nusu dakika akakitoa. Maandishi ya usoni yalikuwa manene na yamevimba pembeni. Vijistari vya dakika havikulingana na alama za saa. Chini kabisa, palipopaswa kuandikwa Swiss Made, palikuwa peupe. Akanionyesha pembe zinazoshika mkanda: zikitoka kiwandani huwa na kingo kali, zangu zilikuwa zimelainika kama sabuni iliyotumika. Yule mnyama wa Seamaster anayechongwa mgongoni, nusu farasi nusu samaki, alikuwa amebaki kivuli tu.

"Mashine ni halali, kasha ni halali," akaniambia, "lakini uso ni wa jana."

Rangi ile ya chai niliyoionea haya ndiyo ambayo mkusanyaji angeilipia. Nilirudi kwa fundi kuulizia mishale ya zamani, maana niliambiwa hata hiyo ilibadilishwa. Alikuwa amekwisha kuitupa, tena kwa nia njema kabisa. Kuhusu uso hapakuwa na cha kudai: kibati ni kilekile, kilichopanguswa rangi ya kiwandani na kupakwa nyingine.

Kwa hiyo mwandikie fundi, usimwambie kwa mdomo: safisha mashine, tia mafuta, usipige msasa, usiguse uso, usibadilishe kitu bila kunipigia simu, na kila kipuri kinachotoka nirudishiwe kwenye kifuko. Akikasirika, mshukuru na uondoke na saa yako. Kioo cha plastiki chenye mikwaruzo kinaweza kung'arishwa bila hasara, hilo usigombane nalo.

Kujua kama saa ni ya kweli kunataka ifunguliwe, na mfunguaji asiwe wewe na kisu cha jikoni. Mkwaruzo wa kisu kwenye mfuniko wa nyuma haufutiki. Jina lililo usoni halitoshi. Lazima jina lililoko kwenye mashine likubaliane nalo, na namba za kasha zikubaliane na aina ya saa. Kila kiwanda kina mahali pake. Kwa Omega za enzi hizo, namba ya mfululizo iko kwenye mashine. Kwa Rolex za zamani, ondoa mkanda uone ubavuni: upande wa chini, penye tarakimu 6, namba ya mfululizo; upande wa juu, penye 12, namba ya toleo. Kwa saa za mfukoni za Kimarekani kama Waltham na Elgin, umri husomwa kwenye namba ya mashine; ya kasha itakupoteza, kwani kasha mara nyingi lilitengenezwa na kampuni nyingine. Jihadhari pia na saa zilizounganishwa kutoka saa tatu nne tofauti. Kila kipande ni cha kweli, saa yenyewe si ya kweli.

Tarehe nazo huumbua. Saa ya mkono ya kwatzi (ya betri, inayohesabu muda kwa fuwele inayotetemeka) ya kwanza kuuzwa ni Seiko Astron, 25 Desemba 1969, kwa hiyo ukiambiwa yako ya kwatzi ni ya 1955, cheka. Ila betri peke yake si ushahidi: Hamilton waliuza saa ya mkono ya umeme mwaka 1957, na Accutron ya Bulova ya 1960 hutumia betri na huvuma ukiisogeza sikioni. Tazama na rangi ya kung'aa gizani. Alama ya T kando ya neno Swiss ni ya tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Saa ya 1970 yenye alama hiyo ikiwaka usiku kucha, kuna aliyeipaka upya. Za kabla ya miaka ya 1960 nyingi zilipakwa radiamu. Mng'ao umekufa lakini sumu ipo, usikwangue wala kupuliza unga wake.

Dhahabu: 750 ni karati 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Kwenye makasha ya Uswisi ya kabla ya 1995 tafuta kichwa cha mwanamke kwa karati 18, au kindi kwa 14. Ukikuta maneno Gold Filled au Microns, ni ngozi ya dhahabu tu juu ya chuma kingine.

Kuhusu bei, uliza kwanza ni bei ipi. Ya bima huwa juu, ni gharama ya kupata nyingine. Ya muuzaji huwa chini, naye ana matengenezo na faida ya kuwaza. Ya mnada hukatwa ada kabla haijakufikia. Nawajua ndugu waliogawana urithi kwa bei ya bima. Aliyechukua saa ndiye aliyelia alipokwenda kuiuza. Na mtandaoni tazama bei ambazo saa zimeuzwa, si zile zinazoombwa. Kuomba hakuna kodi.

Mengine ni tahadhari ya kawaida. Usiuze wakati wa msiba. Usimwachie mtu saa bila risiti yenye namba zake. Usikubali mthamini awe ndiye mnunuzi. Namba ya mfululizo usiirushe mtandaoni ikisomeka yote. Usibadilishe tarehe ya saa kwa kitufe kati ya saa tatu usiku na saa tisa, utavunja meno ya gurudumu. Isikae juu ya spika, sumaku itaifanya ikimbie; na ikianza kukimbia ghafla, kabla ya kukubali ifunguliwe, mwombe fundi aitoe sumaku kwanza, ni kazi ya sekunde chache.