Izumo Taisha hatua kwa hatua: anzia bichi, sio getini

Naishi Japani na ndugu zangu wakija kutembea huwa nawapeleka Izumo, mkoa wa Shimane, kwenye hekalu la Kishinto (dini ya jadi ya Japani) la mungu Okuninushi. Wengi wakifika wanapiga picha ile kamba kubwa afu haooo, wamerudi kwenye basi. Fanya hivi:

1. Anzia bichi ya Inasa, kama kilomita moja hivi magharibi ya hekalu. Inaaminika mwezi wa 10 wa kalenda ya zamani miungu ya Japani nzima inapokelewa hapo. Chota mchanga kidogo kwenye kamfuko, utaniuliza wa nini, subiri.

2. Rudi mpaka kwenye torii (geti la hekalu) pale juu, inamisha kichwa, ingia. Njia inateremka, jambo ambalo ni nadra kwa mahekalu. Kulia kuna kijumba kidogo cha kujitakasa, watu wengi wanakipita tu, wewe simama.

3. Kwenye misonobari pita pembeni, mizizi isikanyagwe.

4. Maji: shika kata kwa mkono wa kulia uoshe wa kushoto, badilisha, afu mimina kiganjani usukutue. Usiweke kata mdomoni jamani.

5. Hapa ndo penyewe. Kwingine wanapiga makofi mawili, Izumo ni manne: inama mara mbili, piga manne, omba, inama mara moja. Kabla hujasogea angalia chini mbele ya geti la ndani, kuna alama za duara tatu tatu, mwaka 2000 walifukua hapo nguzo za zamani, magogo matatu ya mierezi yamefungwa pamoja yakawa nguzo moja ya kama mita 3 upana! Jengo la sasa ni la 1744, urefu mita 24, na bado ukilitazama unahisi udogo wako.

6. Zunguka mpaka upande wa magharibi uombe tena, maana mungu ndani ameelekea magharibi, pale mbele ulikuwa ubavuni mwake. Mimi hapa huwa nakaa muda mrefu kuliko kwingine kote.

7. Nyuma kabisa kuna hekalu dogo la Soga, lina visanduku vya mchanga. Weka wako wa bichi, chukua ule mkavu kiasi kisichozidi ulicholeta, ukanyunyize kwenye kiwanja cha nyumbani.

8. Sasa nenda kwenye ile kamba ya mabua ya mpunga, mita 13 na zaidi, tani 5 hivi. Usirushe sarafu zikwame humo, weka kwenye sanduku la sadaka.