Wito umeshaingia kwenye simu? Soma hii kabla hujaenda MTC

Habari zenu wadogo zangu. Naandika kwa ajili ya nyie mliofungua wito wa misheni mbele ya ukoo mzima, mama akapiga vigelegele, na sasa usiku mmelala mnajiuliza hivi huko MTC, kituo cha mafunzo cha wamisionari wa Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, watu wanafanyaga nini kutwa nzima. Mimi nilitoka Dar nikapitia kile cha Johannesburg. Wengine Waafrika wenzetu wanapangiwa Ghana, wengine Provo kule Utah, ila maisha ya ndani yanafanana sana.

Kwanza jua kwamba hukai muda mrefu. Ukiwa unatumikia kwa lugha unayoijua tayari ni kama wiki mbili hivi, na kabla ya hapo unaanza na masomo ya mtandaoni ukiwa bado nyumbani, ukipangiwa lugha mpya inaweza kufika wiki sita. Ukiangalia na misheni yenyewe, miaka 2 kwa makaka na miezi 18 kwa madada, hizo wiki ni kidogo sana, kwa hiyo usiende kujifunza kuamka ukifika kule. Ratiba ya mmisionari kwa kawaida ni kuamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi na taa kuzimwa saa nne na nusu usiku, na katikati hapo ni sala, mazoezi ya mwili, kusoma peke yako, kusoma na mwenza (mmisionari mwenzako unayepangiwa kuwa naye), darasa, chakula, darasa tena. Anza mwezi mmoja kabla ukiwa kwenu. Hata kama hujazoea kusoma maandiko saa nzima bila kushika simu anza na dakika 20 uwe unaongeza, kwa sababu nimeona vijana wazuri kabisa wanasinzia darasani siku tatu za mwanzo na zile siku hazirudi.

Sasa mwenza. Hili ndo naomba mnisikilize vizuri. Mwenza humchagui, unapangiwa, na mnakuwa pamoja muda wote, mnakula pamoja mnasoma pamoja mnafundisha pamoja, ukienda ofisini naye yupo. Wangu alikuwa mkimya na mimi mnanijua naongea. Asubuhi ya kwanza kaamka kanipita bila salamu, ya pili hivyo hivyo, mi nikajua huyu kaninunia, maana kwetu mtu mmelala chumba kimoja akikupita bila hata umeamkaje basi kuna jambo. Nikakaa na kinyongo siku nne. Kila wiki mnakuwa na muda wa kukaa wawili na kuambiana ukweli, nikamuuliza, kumbe mwenzangu ana utaratibu wake, hasemi na mtu yeyote asubuhi mpaka awe ameshasali. Siku nne nimemkasirikia mtu anayeongea na Mungu! Kwa hiyo uliza siku ile ile, kwa upole, mkiwa wawili tu, usimpelekee kiongozi wa distrikti (mmisionari anayeongoza kikundi chenu) jambo ambalo hujamwambia mwenyewe. Na ukikosea wewe omba msamaha kabla taa hazijazimwa.

Kwenye kufundisha, mtafanya mazoezi mengi. Mwalimu anajifanya ni mtu ambaye hajawahi kusikia kuhusu Kanisa, nyie mnabisha hodi mnaingia mnakaa. Mimi nilikuwa nimekariri somo la Urejesho lote, yaani jinsi Kanisa lilivyorejeshwa, Joseph Smith na ono lake la mwaka 1820, Kitabu cha Mormoni, nikatiririka dakika 20 nikajiona nimemaliza kazi. Mwalimu akaniuliza, Elda (ndivyo wanavyoitwa wamisionari wa kiume), yule mama niliyemwigiza alisema nini ulipokaa? Alikuwa amesema mume wake amefariki mwezi uliopita. Na mimi sikumpa hata pole. Mimi mtoto wa Temeke nimesahau kusema pole! Niliumia mpaka leo nikikumbuka. Kwa hiyo fanya hivi ukiwa bado kwenu, nenda kwa shangazi au jirani ambaye si muumini, muombe dakika kumi, muulize maswali mawili ya kweli kuhusu maisha yake, nyamaza umsikilize mpaka amalize, halafu ndo umwambie kitu kimoja tu unachokiamini kwa maneno yako. Rudia na mtu mwingine. Ukijua kufanya hivyo mengine utayapata darasani.

Kiingereza kisikutishe, ila kifanyie mazoezi ya kusali, maana wengi tunakijua cha darasani lakini sala ikifika ulimi unakuwa mzito. Na andaa hotuba fupi kila Jumapili. Sisi tuliambiwa mada wiki nzima kabla lakini jina lako unalisikia pale pale kwenye ibada, unainuka unaenda.

Vitu vya kubeba mtaletewa listi, fuata hiyo. Mimi naongeza tu kwamba Johannesburg mwezi wa sita na wa saba kuna baridi ambayo mtu wa pwani hujawahi kuiona, weka sweta mbili na soksi nzito. Jifunze kupiga pasi shati jeupe, kufunga tai, kufua kola. Chanjo ya homa ya manjano usiiache mpaka wiki ya mwisho kwa sababu cheti kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa, na kile cheti kaa nacho mkononi sio kwenye begi kubwa.

Chai ya rangi na kahawa mnajua tayari hatunywi, ila kama ulikuwa bado unaiba kikombe kimoja kwa bibi acha sasa, usiende kuumwa kichwa huko. Uji, maziwa, kokoa, hivyo vipo ruksa.

Hamu ya nyumbani itakuja, mimi ilinikamata usiku wa pili, nikalia kimya kimya shuka limefunika uso, na asubuhi mwenza wangu (yule yule asiyesalimia) akanisukumia mkate wake mezani bila kusema kitu. Usione aibu. Tangu 2019 wamisionari wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki siku ya maandalizi, pidei kama wanavyoiita, ndo hiyo hiyo ya kufua na kunyoa. Kabla hujaondoka kaa na mama mwambie ni siku moja kwa wiki, asisubiri kila jioni akapata presha, na mkumbushe Johannesburg iko nyuma yetu saa moja, ukimwambia saa nne ya kule Johannesburg yeye ashike simu saa tano ya nyumbani.